Daladala limewasha taa, bodaboda yuko kushoto: kosa ni la nani?

Chukua ajali moja tu, ile ambayo kila anayeendesha Dar es Salaam ameshaiona au ameiponea chupuchupu. Jioni, foleni imesimama. Gari dogo linalokuja upande wa pili linataka kukata kulia liingie mtaani. Dereva wa daladala aliyeko kwenye foleni anaacha upenyo na kuwasha taa mara mbili: pita. Mwenye gari anapita. Bodaboda aliyekuwa akichomekea kushoto, kati ya foleni na mtaro, anambamiza ubavuni.

Hukumu ya barabarani haichelewi. Wakiwahi bodaboda wenzake, mwenye gari ndiye mkosaji, na afadhali atoe hela ya matibabu kabla sauti hazijapanda. Nairobi, Machi 2022, mambo yalivuka hapo: waendesha bodaboda walimvamia na kumdhalilisha dereva mwanamke baada ya ajali, mpaka serikali ikatangaza msako. Ofisini kwa wenye magari nako hukumu iko tayari, ila imegeuzwa: "hawa bodaboda hawana akili". Kote kuwili hakuna aliyeuliza gari lilikatiza vipi wala pikipiki ilipita wapi.

Wanaowatetea waendesha pikipiki wana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, waliochunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, takriban mara mbili kati ya tatu aliyekosea ni dereva wa chombo hicho kingine, kwa kumwingilia mwenye haki ya kupita. Uchunguzi wa Ulaya wa ajali 921, uliokusanywa mwaka 1999 na 2000 katika nchi tano, ulikuta chanzo kikuu ni dereva wa chombo kingine kwa asilimia 50, mwenye pikipiki asilimia 37. Sababu iliyojirudia ni ile ya "sikumwona". Si lazima uwe uongo. Pikipiki ikikujia kwa mbele ni kitu chembamba, mwendo wake ni mgumu kukadiria, na jicho la dereva limezoea kutafuta magari.

Lakini takwimu hizo zinachanganya ajali za kila namna, na nyingi ni za mtu aliyekuwa kwenye njia yake. Wetu yuko pembeni ya foleni, upande ambao si wa kuovateki. Na hapo mahakama zimewahi kusema kinyume kabisa. Katika kesi ya Powell na Moody, Uingereza, 1966, mwenye pikipiki alikuwa akiipita foleni iliyosimama, naye kwa upande wa kulia, ambao ndio wa kuovateki. Gari likachomoza kutoka barabara ya pembeni baada ya dereva wa lori la maziwa kuliruhusu. Mahakama ya Rufaa ilimbebesha mwenye pikipiki asilimia 80 ya lawama. Anayepita foleni iliyosimama, ilionekana, anajitwisha hatari mwenyewe na anapaswa kutambaa.

Ningekuwa hakimu wa ajali yetu, nisingefika 80. Uingereza ya 1966, pikipiki kupenya namna ile dereva angeweza kuiita jambo la ghafla. Dar es Salaam ya leo hakuna dereva anayeweza kusema hakutegemea bodaboda kushoto kwa foleni; wapo hapo kila jioni, kama mtaro wenyewe ulivyo hapo. Anayekatiza njia ya wengine anatakiwa asogeze pua ya gari kidogo kidogo hadi aone. Taa za daladala ziliahidi jambo moja tu, kwamba daladala halitasogea. Dereva wake hawezi kumgawia mtu haki ya kupita kwenye upande asiousimamia yeye.

Bodaboda naye asijifiche nyuma ya hesabu ya tajiri, yaani hela anayompelekea mwenye pikipiki. Ni kweli anayedaiwa hela hiyo kila siku hakai kwenye foleni, na abiria aliyepanda kwa sababu amechelewa ndiye huyo anayemhimiza. Ila upenyo mbele ya daladala lililosimama unasomeka: kama halishushi wala halipakii, kuna mtu anapitishwa. Mwendeshaji mzoefu anaujua upenyo huo, na anapunguza mwendo. Huyu hakupunguza. Kwangu mimi ni nusu kwa nusu, na kama alikuwa amepiga mshikaki, yaani amepakia abiria zaidi ya mmoja, au amezima taa ya mbele giza likiingia, mizani inamlalia yeye.

Abiria wa nyuma yuko nje kabisa ya mgawanyo huo, ingawa yeye ndiye anayepelekwa hospitali na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, mkononi. Kofia ngumu, ambayo utafiti unaonyesha hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, mara nyingi ni moja, na ameivaa dereva. Mwenye daladala aliyewasha taa huenda kwa wakati huo ameshafika kituo cha pili, anaita abiria.