Karanga ya Namawojjolo

Tulikodi taksi kutoka Bombo alfajiri: watoto, mama mkwe, mimi na mume wangu, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Tulikuwa tunakwenda Jinja, watoto wakaone Nile inavyotoka ziwani. Afande alivaa koti lenye nishani. Kwenda kuutazama mto!

Tulipofika Namawojjolo, soko la kando ya barabara, dreva akasimama, na gari halijatulia madirisha yakajaa vijiti vya kuku, ndizi gonja za kuchoma na mikono. Sadiki, kitinda mimba wangu, akapata karanga zake.

Mbele kidogo akasema, "Baba, karanga imeingia puani."

"Maliza hizo kwanza, nitakununulia nyingine," Afande akajibu.

Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Mwenyewe husema ni mizinga, na wageni wakija huwasimulia mizinga hiyo mpaka chai inapoa. Mimi sikulalamika hata siku moja. Miaka yote nimekaa kushoto kwake, nikisema yangu ya moyoni kuhusu pesa za matumizi na hasa kuhusu ndugu zake, na ndoa yetu ikawa na amani tele.

Habari ilipoeleweka, Afande alimwambia mtoto akae wima, akaiamuru karanga itoke. Ikakaidi. Akaomba pini ya ushungi wangu, nikajifanya sina. Mama mkwe naye akafungua fundo la leso yake: tumbaku ya kunusa, eti mtoto apige chafya. Madirisha yalikuwa wazi. Tumbaku ikatapakaa gari zima, tukapiga chafya wote, dreva kuliko sisi, nusura tuingie kwenye miwa. Sadiki tu ndiye hakupiga. Alikuwa anacheka.

Lugazi tukaingia kliniki ya kando ya barabara. Nesi, binti mdogo kabisa, hata koleo hakugusa. Kitu laini cha mviringo ukikifukuza na chuma, alisema, kinazidi kwenda ndani, na kikiteleza mpaka kwenye njia ya hewa hapo ndipo pa kulia. Akaniambia nizibe tundu la pua lililo wazi, nifunike mdomo wa mtoto kwa wangu, nipulize mara moja kwa nguvu. Hewa inazunguka nyuma ya koo, inapanda puani, inasukuma kitu kutoka nyuma. Njia hii inaitwa busu la mama. Daktari mmoja wa Marekani aliieleza mwaka 1965, na hufaulu kwa watoto karibu 6 kati ya 10. Mungu awazidishie madaktari.

Nikapuliza. Karanga ikaruka, ikatua kwenye koti la Afande, sentimita chache juu ya nishani.

Nesi akamulika tundu la pili, kisha masikio. Sadiki akagoma. Afande akajitolea awe mfano, akainamisha kichwa. Binti akatazama sikio la kushoto, akatazama tena, na sasa ndipo alipochukua koleo. Kikatoka kipande cha pamba, cheusi tititi.

"Kumbe mizinga yenyewe ndiyo hii," mama mkwe akasema.

Jinja hatukufika tena, jua lilishakwenda. Garini nikakaa mahali pangu pa siku zote, nikanong'ona kwamba pesa ya kliniki imepatikana kwa shida, ila ikiombwa na yule ndugu yake haikosekani.

Afande akageuka taratibu.

"Ndugu yangu yupi?"