Kiwanda Hakijalimaliza Gari, Wewe Umeshaanza Kulichezea

Nimetumiwa video na jamaa yangu. Gari jipya kabisa, viti bado vina nailoni za kiwandani. Mwenye gari anabonyeza kitufe cha kuwasha, na injini haijatulia hata kidogo, anaanza kupiga resi. Mshale unaruka hadi kwenye wekundu, unagonga kikomo, ekzosi zinapiga mabomu, wenzake wanashangilia. Chini yake jamaa yangu ameandika, "Mnyama huyo!" Sawa, mnyama. Na anachinjwa mbele ya macho yetu huku tukipiga makofi.

Nitasema jambo moja leo, na nitalirudia mpaka mchoke: gari la kasi likitoka kwa muuzaji halijamalizika kutengenezwa. Hatua ya mwisho ya kiwanda inafanyika barabarani, chini ya mguu wa mnunuzi. Kuta za silinda zimekwaruzwa kwa makusudi mistari myembamba inayokatizana, ili zishike oili na ringi za pistoni zipate pa kujisugua hadi zikae sawa. Meno ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, yanazoeana na kuacha unga wa chuma kwenye oili. Pedi za breki hazijapaka tabaka lake kwenye diski. Matairi bado yana utelezi wa dawa iliyoyatoa kwenye kalibu. Kila kitu ndani ya gari hilo bado kinajuana. Halafu mtu anakuja na hosipawa zake zote siku ya kwanza, anataka kuonekana.

Na wala si siri. Kitabu cha gari, kile kinacholala kwenye droo ya dashibodi bila kufunguliwa, kinaeleza yote. BMW za M, zile za kasi, zinataka katika kilomita 2,000 za mwanzo usivuke mizunguko 5,500 kwa dakika wala spidi ya kilomita 170 kwa saa, ubadilishebadilishe mwendo, kisha gari lirudi kwa mafundi wamwage oili ya injini na ya difu. Subaru WRX inataka usivuke mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,600 za mwanzo. Watu wa Corvette wao waliamua kutomwamini mtu kabisa: ile ya kizazi cha nane, kompyuta yake yenyewe inabana nguvu kwenye gia za mwanzo mpaka umalize maili 500. Wahandisi wanatujua kuliko tunavyojijua.

Najua jibu linalokuja. Injini za leo zinachongwa kwa usahihi ambao wazee wetu hawakuuota, na wapo mafundi wazoefu wanaosema ukilibembeleza mno gari jipya, ringi hazikai kamwe. Haya, shingo upande, nakubali. Ringi husukumwa ukutani na shinikizo la mlipuko, kwa hiyo zinahitaji mzigo. Anayesafiri masaa kwenye barabara iliyonyooka kwa gia ya juu na spidi ileile, akijisifu kwamba "analitunza", hatunzi chochote. Na anayekanyaga mafuta hadi chini kwenye gia ya sita huku mizunguko iko 1,500 ni mbaya zaidi. Kwenye injini ndogo zenye turbo (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche, na pigo lake linaweza kuvunja pistoni. Kinga dhidi ya balaa hilo ni moja ya mambo yanayodaiwa na kiwango cha oili cha API SP, cha taasisi ya petroli ya Marekani, kilichoanza mwaka 2020. Shusha gia, ndugu yangu. Padeli za kubadilishia gia hazikuwekwa kwenye usukani kuwa mapambo.

Kwa hiyo kuhusu kilomita za mwanzo tunaweza kubishana: kwa upole kiasi gani, kwa umbali gani. Lakini kuhusu kupiga resi injini ikiwa baridi hakuna mjadala. Hakuna.

Oili ikiwa baridi ni nzito kama asali. Pampu inaisukuma kwa shida, na shinikizo likizidi, valvu ya chujio inafunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa ili injini isikauke. Pistoni za alumini hutanuka kuliko kuta zinazozizunguka, na nafasi kati yao imepimwa kwa ajili ya injini iliyokwisha kupata joto, si injini iliyolala usiku kucha. Kwenye turbo ndiyo usiseme: shafti ya turbo ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, na kinachoizuia isigusane na beringi ni utando mwembamba wa oili. Hiyohiyo oili ambayo bado inatafuta njia ya kupanda juu wakati wewe unarekodi video.

Na geji ya maji isikudanganye. Maji ya redieta hufika katikati ya geji mapema, oili ikiwa bado iko nyuma sana. Magari mengi ya aina hii yana kipimo cha joto la oili, ila mara nyingi kimezikwa kwenye menyu za skrini, chini ya picha za mapambo na kipimo cha mvutano wa kona ambacho hakuna anayekihitaji. Kitafute, kiweke mbele. Mpaka kifike nyuzi 80 hivi, mguu uwe mwepesi. BMW walipoona watu hawaangalii, M5 ya kizazi cha E39 ikawekewa taa kuzunguka geji ya mizunguko, zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto, kukuonyesha mwisho wako wa sasa. Nisingeweza kubuni tusi la adabu kuliko hilo.

Sisemi ukae umewasha dakika kumi unasubiri. Huo nao ni ujinga wa namna yake. Injini baridi hunyweshwa petroli ya ziada, na sehemu yake huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili, ikaifanya nyepesi isivyotakiwa. Washa, funga mkanda, ondoka taratibu. Gari hupata joto vizuri zaidi likitembea, tena giaboksi, difu na matairi yanapata joto lao pia. Na kama safari zako zote ni za kwenda jirani na kurudi, oili haifiki joto lake hata siku moja, basi usisubiri kompyuta ikuambie ubadilishe. Badilisha mapema. Oili ni rahisi kuliko injini, popote ulipo duniani.

Upande wa pili wa safari ni mfupi: kilomita za mwisho nenda polepole turbo ipoe. Magari mengi ya sasa yana pampu inayoendelea kuzungusha maji baada ya kuzima, lakini hiyo si ruhusa ya kufika nyumbani ukiwa umewaka moto na kuzima papo hapo.

Sasa tuje kwa mabingwa wa kubadilisha programu ya injini katika wiki ya kwanza. Gari lina nguvu ambazo mwenyewe hajawahi kuzitumia zote, halafu analipa aongezewe nyingine. Waranti anaihatarisha hapo hapo, maana kompyuta huacha alama kwamba imeandikwa upya, na mwenye kujua kuzisoma huzisoma. Kompyuta hizi zina kumbukumbu kuliko mama mkwe. Porsche, kwa mfano, huhifadhi rekodi ya mara ambazo injini imezungushwa kupita kikomo, kwa madaraja, na mnunuzi mwenye akili huomba rekodi hiyo kabla ya kutoa pesa. Namfahamu mtu aliyeapa kwamba gari lake halijawahi kuonewa. Fundi wa mnunuzi akachomeka waya wake, akasoma kimya kimya, akachomoa. Biashara ikaishia pale, na mwenye gari bado anadai ni hitilafu ya kompyuta.

Ukiwa na hamu ya kutumia pesa, zitumie pale gari linapogusana na ardhi. Nimeona ringi kubwa za magurudumu, za kuvutia, zimevishwa matairi ya kubahatisha, na mwenye gari anazungumzia "grip". Tairi zuri linabadilisha gari kuliko programu yoyote. Angalia herufi ya spidi ubavuni: W ni hadi kilomita 270 kwa saa, Y ni 300. Pima upepo matairi yakiwa baridi, usipime umetoka kukimbia ukaupunguza kwa kudhani umezidi. Kwa siku za kwanza usiyaamini kwenye kona, hasa kwenye mvua.

Breki nazo zinataka kufundishwa. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kwa nguvu ya wastani kutoka spidi ya juu hadi karibu kusimama, rudia mara kadhaa, usisimame kabisa huku umekandamiza pedali diski zikiwa za moto, kisha endesha bila kuzigusa zipoe. Hapo pedi zimepaka diski sawasawa. Ukisimama na pedi zimebana diski ya moto, tabaka linabaki doa mahali pamoja, na baadaye utamlaumu fundi kwamba usukani unatetemeka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: aina ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155 tu. Ukipanga kwenda kwenye uwanja wa mbio, anza na hayo, ekzosi zitasubiri.

Petroli, weka oktani iliyoandikwa kwenye kifuniko. Rangi, weka filamu mbele ukiweza, na lisipitishwe kwenye mashine ya brashi. Springi za kushusha gari, tutagombana siku nyingine.

Na msinielewe vibaya, siwatetei wanaolifunika gari turubai na kulitoa kwa picha tu. Hao nao wananikera, tena sana. Kilomita za mwanzo zikiisha na oili ikabadilishwa, nenda uwanjani. Lipashe joto, kisha kanyaga hadi kwenye wekundu, gia baada ya gia, bila huruma na bila kujiuliza, maana sasa liko tayari. Ukimaliza zungusha raundi moja ya kupoza, pima oili kwa sababu injini zikikimbizwa huila, kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, na usivute breki ya mkono diski zikiwa bado zinatoa moshi.