Kiriba cha mwembe kisipitilize msimu mmoja

Wanaopinga miche ya miembe ya viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kitaluni, wana hoja moja nzito: mzizi mkuu. Kokwa likioteshwa shambani, mzizi huo hushuka moja kwa moja kufuata maji. Ndani ya kiriba hufika chini, hugota, huanza kujizungusha. Chana kiriba cha mche uliokaa kitaluni miaka miwili uone: mizizi imejiviringa kama kamba ya ndoo. Mti wa namna hiyo hata ukishika huyumba kwa upepo, na kiangazi kikikaza huteseka kuliko ule ulioota papo hapo.

Hoja ni ya kweli, ila kalenda ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania inaibana. Mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Maembe yanaiva mvua zikiwa zimeshaanza, na kokwa halihifadhiki. Likikaa likakauka, halioti tena. Kwa hiyo kokwa lililofukiwa Januari shambani Usangu au Pawaga lina miezi mitatu minne ya mvua, kisha linaachiwa kiangazi, mchwa, na mbuzi wanaozurura baada ya mavuno. Kitaluni mche huo humwagiliwa kwa kopo, na Juni baridi ya Mbeya mjini ikiuma husogezwa chini ya kichanja. (Makete na Njombe mjini nisingehangaika na mwembe kabisa. Wana parachichi.)

Kuna kubebesha pia, yaani kuunganisha aina moja juu ya shina la nyingine. Anayetaka aina maalumu kama Kent au Apple, si embe la kubahatisha, lazima kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti wa aina hiyo) kiungwe kwenye shina lililofikia unene wa penseli. Kitaluni fundi huunga miche mingi akiwa amekaa kivulini. Shambani atatembea shimo hadi shimo. Wapo wanaootesha kokwa shambani na kubebesha hapohapo, na kwa mwenye maji ya mfereji na uzio, naona hao ndio wanaopata mti bora. Wenye vyote viwili ni wachache.

Ugomvi wangu ni na mche uliozeekea kwenye kiriba. Muuzaji asiyemaliza mzigo msimu huu huuweka hadi mwakani, na mnunuzi huvutiwa na urefu wake. Kabla ya kulipa, inua kiriba: kama mzizi umetoboa ukazama ardhini, utakatika ukiung'oa, na mche utanyauka. Chagua mfupi wenye kiriba kirefu. Siku ya kupanda, kata kitako cha kiriba pamoja na mzizi uliojikunja, kisha vua plastiki yote.