Upanga wa Kirkburn na Swali la Kuutengeneza Upya

Mwaka 1987, wanaakiolojia waliokuwa wakifukua makaburi ya Zama za Chuma huko Kirkburn, Yorkshire ya Mashariki nchini Uingereza, walikuta mifupa ya mwanamume aliyezikwa pamoja na upanga wake. Alifariki akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 35, na kabla ya kaburi kufukiwa, maiti yake ilichomwa mikuki mitatu kifuani. Upanga wenyewe ulitengenezwa kati ya mwaka 300 na 200 KK. Mpini wake uliundwa kwa vipande 37 vya chuma, bronzi na pembe, ukarembwa kwa kioo chekundu. Ala yake, yaani kifuko cha kuuhifadhia, ina bamba la bronzi upande wa mbele, lililochorwa nakshi za mistari inayojikunja, na bamba la chuma upande wa nyuma. Ukiuhesabu upanga na ala yake pamoja, waliounda kazi hii waliunganisha vipande zaidi ya 70. Leo vyote viwili vimo katika British Museum, jijini London, na upanga huo huhesabiwa miongoni mwa panga bora kabisa za enzi hiyo zilizopatikana Ulaya.

Hata hivyo, anayesimama mbele ya kabati la kioo haoni upanga alioufahamu mmiliki wake. Kutu imekula chuma, bronzi imepoteza mng'ao wake wa dhahabu, na pembe ni kitu kisichodumu ardhini kama madini yanavyodumu. Hapo ndipo linapozuka swali: je, ni sawa makumbusho yamwagize mhunzi wa leo atengeneze upanga mwingine na ala yake, vikiwa vipya na vinavyong'aa, ili vionyeshwe kando ya vile vya asili?

Wanaounga mkono wana hoja nzito, na mfano mmoja unatosha kuionyesha. Upanga uliopatikana mwaka 1939 katika kaburi la Sutton Hoo, huko Suffolk, ambamo meli nzima ilifukiwa, ni wa karne ya 7 BK, yaani umri wake ni mdogo kuliko ule wa Kirkburn kwa takriban miaka mia tisa. Ulishikana na ala yake kwa kutu kiasi kwamba hauwezi kuchomolewa. Ni picha za eksirei zilizofichua kwamba ubapa wake ulifuliwa kwa kusokota na kuunganisha fito nyembamba za chuma, hata uso wa upanga ukapata mawimbi mithili ya maji. Mtazamaji akiutazama upanga wa asili, mawimbi hayo hayaoni kabisa. Aliyemwezesha kuyaona ni mhunzi wa Marekani, Scott Lankton, aliyefua nakala kwa ajili ya British Museum. Bila nakala hiyo, sifa kuu ya upanga ingebaki katika maandishi ya wataalamu tu, na mgeni wa kawaida angeondoka akiamini kwamba ameona kipande cha chuma kilichooza.

Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo kabatini bali karakanani. Wakazi wa Yorkshire wa Zama za Chuma hawakuacha maandishi, kwa hiyo hakuna fundi aliyetuachia maelezo ya kazi yake. Mhunzi anayejaribu kuirudia analazimika kujibu maswali ambayo mwanaakiolojia angeweza kuyapita. Ni kipande kipi cha mpini kilitangulia, na kipi hakiwezi kuingia tena baada ya kingine kufungwa? Bamba la bronzi linafuliwa hadi wembamba gani kabla halijapasuka, na ni mara ngapi inabidi lirudishwe motoni ili lilainike? Kioo chekundu nacho kina masharti yake, kwa sababu wekundu wake unatokana na shaba, na shaba hiyo hutoa rangi nyekundu pale tu hewa inapodhibitiwa katika tanuri. Hewa ikizidi, kioo hugeuka kijani. Anayepambana na mambo haya kwa mikono yake anaanza kukadiria muda, kuni na ustadi vilivyotumika, na hapo ndipo anapotambua kwamba kijana yule hakuzikwa na silaha tu, bali na mali nyingi ya jamii nzima.

Upande wa pili hauna hoja dhaifu hata kidogo. Nakala hailazimiki kukiri isichokijua. Palipo na pengo katika kitu cha asili, mtazamaji huliona pengo, lakini fundi wa nakala hawezi kuacha tundu mahali pa pembe, naye lazima achague rangi yake, unene wake na namna ilivyong'arishwa. Uchaguzi huo ukishaingia kabatini unaonekana kuwa ukweli sawa na sehemu zilizothibitishwa. Kofia ya chuma ya Sutton Hoo inatufundisha tahadhari. Vipande vyake, zaidi ya 500, viliunganishwa mara ya kwanza na Herbert Maryon, kazi iliyokamilika mwaka 1946, na kwa miaka mingi umma uliamini kwamba ndivyo kofia ilivyokuwa. Baadaye kazi hiyo ilifumuliwa, na kofia tunayoiona leo ni ile iliyoundwa upya na Nigel Williams hadi mwaka 1971, ikiwa na umbo tofauti. Maryon alikuwa mtaalamu wa kuheshimika, na ndiyo maana kosa linalofanywa na mtu kama yeye hukaa akilini mwa watu kwa muda mrefu.

Pingamizi jingine linanigusa zaidi, nalo halitajwi mara kwa mara. Ala ya Kirkburn iliwahi kuharibika, ikatengenezwa kwa uangalifu, kisha ikaendelea kutumika kabla ya kuzikwa. Anayetengeneza nakala «kama ilivyokuwa mpya» anaufuta ukarabati huo, na pamoja nao anafuta ushahidi kwamba watu waliithamini ala hii kiasi cha kuikarabati badala ya kuitupa. Yamkini hata yule kijana hakuwahi kuiona ikiwa mpya. Upya ni siku moja tu katika maisha ya kitu, na makumbusho yakiichagua siku hiyo peke yake yanaonyesha kazi ya fundi lakini yanawanyamazisha watumiaji wote waliofuata.

Nikipima pande zote mbili, naona kwamba nakala inastahili kutengenezwa, ila isionyeshwe kama jibu. Ionyeshwe kama dai linaloweza kupingwa. Sehemu zilizokisiwa zitajwe wazi kwenye maelezo ya kabati, kwa herufi zilezile kubwa zinazotumika kusifu uzuri wake. Majaribio yaliyoshindwa, yaani bronzi iliyopasuka na kioo kilichogeuka kijani, yawekwe karibu, kwa kuwa hayo yanaeleza ugumu wa kazi kuliko upanga uliokamilika. Na kwa ala hii mahususi, ningependelea fundi anakili ukarabati pia, hata kama kwa kufanya hivyo uso wa bronzi utapoteza ukamilifu wake. Watakaosema kwamba hilo linaharibu uzuri wanaelekea kusahau kwamba uzuri wa kitu hiki machoni pa wamiliki wake ulijumuisha kovu lile.

Lipo pia suala la namna ya kuitundika nakala. Ala za Uingereza za wakati huo kwa kawaida zina kitanzi katikati ya mgongo wake, si karibu na mdomo, na sanamu ndogo za chokaa zilizopatikana Yorkshire ya Mashariki zinaonyesha watu waliobeba panga mgongoni. Nakala inayolazwa chali kabatini, bamba la bronzi likiwa juu, inamwonyesha mtazamaji nakshi na kumficha kitanzi. Kwa kuwa nakala haihitaji ulinzi ambao kitu cha asili kinauhitaji, inaweza kuvishwa umbo la mtu lililosimama, mshipi ukipita mwilini, ili mtazamaji azunguke nyuma na kuona jinsi upanga ulivyokaa, kisha aulize mwenyewe kama mtu aliyebeba hivyo angeweza kuuchomoa kwa haraka vitani.