Daftari peke yake halitoshi

Kuna makala inayomshauri mzazi akague daftari la mtoto wa chekechea kila jioni ili ajue kama anajifunza. Sawa, ila kurasa zilizojaa tiki zinaweza kuwa kazi ya kunakili ubaoni tu. Kujua kama anasoma kweli, ziba picha za kitabu chake kwa kiganja, kisha mwonyeshe maneno ukianzia la mwisho kurudi nyuma. Aliyekariri atakwama papo hapo. Mwandikie pia maneno yasiyo na maana, kama "tefi" au "gumolo"; hayo hakuna aliyemkaririsha.

Hesabu ndiyo hudanganya zaidi. Mtoto huimba moja hadi ishirini bila kukosea, lakini mwambie akupe mbegu 7 kutoka rundo la 12, huenda akahesabu zote na kukukabidhi zote. Huyo bado hajashika kwamba namba ya mwisho anayotaja ndiyo idadi. Dawa ni kugusa na kusogeza mbegu mojamoja huku akitaja, si kuimba tena.

Kuchanganya b na d msiwachape jamani, hadi miaka 7 hivi ni kawaida. Na "umejifunza nini leo?" hujibiwa "hakuna". Mwambie awe mwalimu, wewe mwanafunzi.