Vazi la ngoma ya Kiayalandi: jadi inasingiziwa, bei inaachwa

Kila inapokaribia 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, picha za wasichana wa ngoma ya Kiayalandi husambaa upya: wigi la vishungi, taji dogo juu yake, gauni gumu linalometameta vito vya kioo, miguu iliyopakwa rangi ya kahawia na soksi nyeupe chini. Lawama nazo hazibadiliki. Wapenzi wa mambo ya kale wanasema huo ni uzushi, mabibi zao hawakucheza hivyo, na vazi lirudishwe kwenye asili yake. Wanaolitetea gauni la leo huonekana watu waliouza mila ili wang'ae.

Hawa wa pili, kwa maoni yangu, wanaonewa.

Asili inayodaiwa ni ipi hasa? Wachezaji wa vijijini wa karne ya 19 walicheza na nguo zao nzuri, zilezile za kwendea kanisani Jumapili. Vazi maalumu la ngoma lilikuja baada ya Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua lugha ya Kigaeli kilichoundwa 1893, kutaka Mwayalandi aonekane tofauti na Mwingereza hata kwa mavazi. Wanawake wakapewa kanzu na joho la begani lililofungwa kwa pini kubwa ya mviringo, nakala ya ile iitwayo pini ya Tara. Pini yenyewe ni ya kale kweli, ya karne ya 8, lakini iliokotwa 1850 huko Bettystown, pwani ya Meath, na haina uhusiano wowote na kilima cha Tara walikotawazwa wafalme. Jina hilo ilibandikwa na sonara wa Dublin aliyeinunua, Waterhouse, ambaye alikuwa akiuza nakala zake na alijua jina la kifalme linauza. Kwa hiyo biashara ilikuwemo ndani ya vazi hili tangu siku ya kwanza.

Kwa wanaume kisa kinachekesha zaidi. Mwaka 1900 Patrick Pearse, yule aliyekuja kuuawa kwa risasi na Waingereza baada ya maasi ya 1916, aliulizwa kuhusu vazi la taifa. Alikwenda makumbusho ya Dublin kutazama suruali ya kubana ya Waayalandi wa zamani, ushahidi halisi kabisa. Jibu lake: afadhali kilti, ile sketi ya mikunjo, hata kama uasili wake ni mdogo, kwa sababu mwenye suruali ile angedhaniwa ametoka nje na nguo za ndani. Mzalendo huyu aliuona ukweli wa kihistoria kwa macho yake, akachagua kinachopendeza. Msomaji wa Mombasa hatashangaa. Beni za mji huo, vikundi vya ngoma vya Kingi na Skochi, zilijengwa juu ya sare na majina ya kuazima, na leo tunazihesabu kuwa urithi.

Halafu kuna jambo ambalo wanaokejeli hawalijui: karibu kila kitu katika vazi hili kina kazi yake. Mchezaji hushusha mikono ubavuni, kiwiliwili wima, na ngoma yote iko miguuni. Jaji ameketi mezani mbele ya jukwaa, wachezaji wawili au watatu wakicheza kwa pamoja, naye hana budi kuona magoti na vifundo. Ndiyo sababu sketi ni fupi, na ndiyo sababu soksi nyeupe hubandikwa kwenye ngozi kwa gundi ya kupaka, zisiporomoke katikati ya hatua. Wigi nalo lilikuja kumpumzisha mtoto. Kabla yake, mama alisokota nywele za binti kwenye vibanio usiku wa kuamkia mashindano, na mtoto akalala navyo, kama alilala. Siku hizi wigi hubanwa kwa pini dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Anayesema "mwacheni na nywele zake" anausahau usiku ule.

Hata hivyo, wanaolilaumu vazi hili wana hoja moja nzito, na inasikitisha kwamba wenyewe hawaisemi waziwazi. Ni bei. Gauni jipya la kushonesha hupita euro 1,000 bila shida. Juu yake weka wigi, viatu laini na viatu vigumu, ada ya mwalimu, na nauli za kufuata mashindano. Mtoto naye anakua. Soko la mitumba lipo na linasaidia, ila mitindo hubadilika haraka, na gauni lililopitwa na wakati hushuka thamani kabla halijambana mwenyewe. Mzazi ananunua nguo pamoja na hofu ya kuiuza kwa hasara. Majaji wanapaswa kupima mdundo, hatua na mkao, lakini nani atakuwa wa kwanza kumpandisha binti yake na gauni la kawaida katikati ya wanaometameta? Kila mzazi anamtazama jirani, na gharama inapanda.

Hapa ndipo wito wa "turudi kwenye jadi" unaponipotea. Jadi haikuwahi kuwa rahisi. Kilti kamili ya Kiskoti hula kama mita saba za kitambaa cha sufu na kushonwa kwa mkono, na hugharimu mamia ya pauni. Uasili pia umewahi kutumika kufunga mlango: mwanzoni mwa miaka ya 1950 michezo ya Aboyne, Uskoti, iliwakataza wanawake kucheza na kilti za kiume, ikawaundia vazi jipya, ambalo nalo sasa huitwa la jadi.

Wengine huitaja Riverdance ya 1994, onyesho la jukwaani la ngoma ya Kiayalandi, na magauni yake mafupi yasiyo na makeke, kama ushahidi kwamba urahisi unatosha. Unatosha jukwaani, ambako kampuni ndiyo inayolipia nguo na hakuna mshindani pembeni.

Kwenye mashindano anayeweza kusimamisha mbio hizi ni msimamizi, na ameshaonyesha anaweza. An Coimisiún, tume inayoendesha mashindano makubwa, haiwaruhusu watoto wadogo kujipaka vipodozi, na wanaoanza huvaa nguo nyepesi au sare ya darasa. Familia ya Kikongo au ya Kikenya iliyo Dublin, ambayo binti yake amevutwa na wenzake wa shule, haina sababu ya kununua zaidi ya hapo mpaka daraja lake limlazimu. Bei yenyewe ni ngumu kukagua, maana risiti hufichwa. Vito havifichiki: kanuni ya kuvipiga marufuku chini ya daraja la juu kabisa ingekaguliwa na mtu mmoja aliyesimama mlangoni.