Namazake haikai rafuni

Nina hasira, na sitaificha. Juzi nimeingia duka moja la London linalojinadi kwa vinywaji vya Japani, nikakuta namazake, yaani sake (pombe ya mchele ya Kijapani) isiyopashwa moto, imepangwa rafuni chini ya taa, bega kwa bega na wiski. Lebo yenyewe inasema iwekwe kwenye baridi. Bei ni ya kukaza mkanda, na anayeinunua kwa mara ya kwanza ataamini kwamba ladha yake ndiyo hiyo.

Siyo. Sake nyingi hupashwa moto mara mbili, nyuzi 60 hadi 65 hivi: kabla ya kuhifadhiwa, na tena inapotiwa chupani. Wajapani walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 16, Louis Pasteur hajazaliwa. Moto huo huua bakteria na kuvizima vimeng'enya vya koji, ule ukungu unaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Namazake haipitishwi motoni kabisa, kwa hiyo inaendelea kubadilika ndani ya chupa. Iache kwenye joto, itazidi utamu, harufu itakuwa nzito, mwisho itachachuka. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hili. Mnazi wa asubuhi si mnazi wa jioni.

Mimi nimeionja kwao Japani, mkoani Niigata, majira ya baridi yanaisha na theluji bado imejaa barabarani. Mlangoni mwa kiwanda ulining'inia mpira wa matawi mabichi ya mwerezi, ishara kwamba sake mpya imekamuliwa. Mama aliyetuhudumia alitoa chupa kwenye friji, akamimina, akairudisha na kufunga mlango kabla hajanipa kikombe. Ilinichoma kidogo ncha ya ulimi, ikanukia tikiti, halafu utamu ukakatika ghafla, koo likabaki safi. Mchele wao wa Gohyakumangoku ndio unaosifika kwa wepesi huo.

Haya, nakubali: wapo watengenezaji wanaoikomaza namazake kwa makusudi. Lakini wao huichunga kwenye baridi na kuionja.

Desemba 2024 UNESCO iliutambua ufundi huu wa koji kuwa urithi wa binadamu. Mtengenezaji ameamka usiku wa manane wakati wa baridi kuuangalia ukungu wake. Muuzaji anashindwaje kuchomeka friji? Asiye na friji auze iliyopashwa moto, nayo ni sake nzuri sana. Nawe mnunuzi, ukiikuta namazake rafuni, usiinunue, na umwambie muuzaji kwa nini.